Nani Ampime Mpimaji?

Kuna swali moja la kale ambalo kila aliyepewa mamlaka ya kuwahukumu wenzake hana budi kulijibu, apende asipende. Je, anayepima wengine, yeye apimwe kwa kipimo gani, na nani amshikie kipimo hicho? Swali hilo linamhusu hakimu, linamhusu mwalimu, na mwenye mizani sokoni vilevile. Aghalabu tunalikwepa kwa kusema kwamba mpimaji ni mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Jibu hilo halinitoshi, maana nimewaona watu ambao uzoefu wao wa miaka 30 ulikuwa ni kosa la mwaka wa kwanza lililorudiwa mara 30.

Katika kurasa hizi nataka kulitazama swali hilo mahali ambapo sisi wastaafu hatupiti mara nyingi, nako ni kwenye kazi ya vijana wanaoandika programu za kompyuta. Usiogope, msomaji mpenzi. Mimi mwenyewe siandiki programu. Nilifundisha hisabati na upimaji katika chuo cha ualimu, kisha nikawa mkuu wa shule hadi nilipostaafu. Lakini mpwa wangu anaifanya kazi hiyo Dar es Salaam, naye amejaliwa subira ya kumweleza mzee jambo moja mara tatu bila kubadili sauti.

Programu, kabla haijawa kitu kinachotenda, ni maandishi. Mwandishi huketi akaandika mistari ya maagizo, na maandishi hayo huitwa msimbo. Kwa kuwa ni maandishi, yanaweza kusomwa na kusahihishwa kama insha ya mwanafunzi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya wasahihishaji wake ni programu pia. Stephen Johnson, mtaalamu wa Bell Labs huko Marekani, alitunga moja akaiita lint, yaani vile vinyuzinyuzi vinavyoganda kwenye nguo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuupitia msimbo wa lugha ya C na kuokota vijikasoro ambavyo kompaila, ile programu inayougeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, ilivipitisha bila neno. Mkaguzi wa namna hii hauendeshi msimbo anaoukagua. Anausoma tu, na akikuta jambo asiloliafiki anatoa onyo pamoja na namba ya mstari.

Zamani wakaguzi hao waliandikwa na mabingwa wachache. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft iliuweka wazi kwa umma msimbo wa kompaila yake mpya ya lugha ya C#, iliyoitwa Roslyn, na toleo la Visual Studio la mwaka 2015 likawapa waandishi wa kawaida uwezo wa kujitungia wakaguzi wao. Tangu hapo ofisi yoyote inaweza kuweka sheria za nyumba yake, mathalani kwamba nywila isiandikwe ndani ya msimbo, au kwamba kila faili linalofunguliwa lifungwe, kisha ikamweka mlangoni mkaguzi asiyelala, asiyependelea, wala kudai posho ya safari. (Wale waliowahi kuandaa mapokezi ya wakaguzi wa shule, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora, wataelewa kwa nini nimeitaja posho.)

Hapo ndipo swali langu linapoingia. Mkaguzi huyo naye ni msimbo, na ameandikwa na mtu. Akikosea, hatakosea mara moja kama msahihishaji aliyesinzia saa nane mchana. Atakosea kwa namna ile ile, kila siku, kwa kila mtu, na kwa uso mkavu.

Desturi njema ya watunzi hao ni kumpa mkaguzi mitihani midogo midogo kabla ya kumtuma kazini. Mtunzi anaandika kipande kifupi cha msimbo wenye kosa, analizungushia kosa hilo mabano na vistari kana kwamba ni kalamu nyekundu, kisha anamwachia mkaguzi akisome kipande chenyewe. Onyo likitoka pale pale palipozungushiwa, mkaguzi amefaulu. Likitoka mstari mmoja chini, ameanguka, hata kama kosa amelitambua. Na kama mkaguzi hujitolea pia kurekebisha, mtunzi huandika mapema maandishi anayoyatarajia baada ya marekebisho, na yakitofautiana hata kwa nafasi moja tupu, mtihani umeshindwa. Sisi tuliowahi kukaa katika usahihishaji wa pamoja tunaujua utaratibu wa ndugu yake huyu. Kabla rundo halijafunguliwa, kila msahihishaji hupewa nakala za majibu yale yale, kila mmoja anaweka alama zake, kisha mkuu wa jopo analinganisha. Anayempa mtoto alama 12 ilhali wenzake wamempa 7 hana budi kujieleza, na anayempa 3 kadhalika.

Mpwa wangu aliniambia kwamba mtunzi mgeni wa wakaguzi huandika mitihani ya wenye hatia peke yao. Analo kosa lake kichwani, basi analiandika kwa namna tano, anaona mkaguzi amelikamata mara tano, anafurahi. Sasa chukua ile sheria ya kufunga faili. Tuseme mkaguzi, kwa uvivu wa mtunzi wake, anamlaumu kila anayefungua faili, alifunge asilifunge. Mkaguzi huyo atafaulu mitihani yote mitano! Kila aliyeletwa mbele yake alikuwa na hatia, naye kila aliyeletwa alimtia hatiani. Kumfichua kunahitaji mtihani wa aina nyingine, ambao jibu lake sahihi ni ukimya. Aletwe aliyefungua faili akalifunga. Aletwe aliyelifungua akamkabidhi mwenzake alifunge, jambo ambalo ni halali. Aletwe hata yule ambaye hakufungua faili lolote, ila ameita kazi yake kwa jina linalofanana.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukiwafundisha walimu wanafunzi kutunga maswali. Tuliwahimiza kupima kama swali linamkamata asiyejua. Ni wachache miongoni mwetu waliouliza kwa bidii ile ile kama swali linamwacha salama anayejua, hasa anayejua kwa njia ambayo mwalimu hakuitarajia. Sheria za nchi nyingi zimelitambua hilo zamani, na ndiyo maana mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Lakini katika madarasa, katika ofisi, na hata katika vikao vya ukoo, tunao wapimaji wengi ambao hawajawahi hata siku moja kupimwa kwa mtu asiye na kosa.

Wahandisi wa Google walieleza mwaka 2018 kwamba kwao mkaguzi wa msimbo hukubaliwa kubaki kazini ikiwa maonyo yake ya bure hayafiki asilimia 10. Na onyo la bure wamelieleza kwa namna ya ajabu kidogo, kwamba ni lile ambalo mwandishi aliyeonywa hakulifanyia kazi. Yaani anayehukumiwa ndiye anayepiga kura kuhusu hukumu. Kwanza nilikataa. Nilijiuliza, darasa langu la kidato cha tatu lingepewa kura hiyo, ni masahihisho mangapi ya aljebra yangebaki? Hata hivyo hoja yao ina uzito wake. Onyo ambalo watu wamezoea kulipuuza huwafundisha kuyapuuza na mengine, na siku la kweli likija litapita humo humo. Nakubaliana nao nusu. Asiyesikilizwa ajiulize kwa nini hasikilizwi, lakini idadi ya wanaomsikiliza si kipimo cha ukweli wa maneno yake.

Na kuna hatari iliyo upande wa pili, ya kusikilizwa mno. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja katika mradi wa Debian, ambao hutoa mfumo wa kompyuta unaotumiwa duniani kote, alipata malalamiko ya wakaguzi juu ya programu ya usiri iitwayo OpenSSL. Wakaguzi hao walikuwa wa aina inayoitazama programu ikiwa mbioni, na walilalamika kwamba inatumia sehemu ya kumbukumbu ambayo haijajazwa kitu. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Mtunzaji akaiondoa mistari miwili iliyolalamikiwa, na wakaguzi wakanyamaza. Kumbe mmoja wa mistari ile ndio uliokuwa ukimimina ubahatishaji katika chungu ambamo funguo za siri hupikwa. Kilichobaki cha kubahatisha kilikuwa namba tu ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo kwa kawaida haivuki 32,768. Funguo zilizopaswa kuwa nyingi kupita hesabu zikawa chache kiasi cha kuandikwa zote katika orodha, na jambo hilo halikugunduliwa hadi Mei 2008. Mkaguzi hakusema uongo, na aliyetii hakuwa mvivu. Alichokitafuta ni ukimya wa mkaguzi, akaupata.

Basi nani ajaribu mitihani ya mkaguzi? Maana aliyeandika mkaguzi kwa kawaida ndiye aliyeandika na mitihani yake, na kama ameielewa sheria kombo, ataielewa kombo kotekote, na majibu yatalingana kwa uzuri kabisa. Kuna njia moja ambayo Richard Lipton alipendekeza mwaka 1971, akaichapisha pamoja na wenzake DeMillo na Sayward mwaka 1978. Unauchukua msimbo ulio mzima, unauharibu kwa makusudi mahali padogo, pengine kwa kugeuza “kubwa kuliko” ikawa “ndogo kuliko”, kisha unaona kama mitihani yako inashtuka. Ikibaki imetulia, basi haikuwa ikilinda chochote pale. Naipenda njia hii kwa kuwa haidai kufika mwisho wa ngazi. Mtu anaweza kuendelea kuuliza nani ampime anayempima mpimaji, mpaka jua lizame. Njia ya Lipton inashuka ngazi moja tu, inatia kosa linalojulikana, na kungoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu. Katika msimbo wa leo kuna mistari mingi ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Mwandishi anataka dirisha lenye kitufe. Anakivuta kitufe kwa kipanya, anakiweka anapotaka, na mashine inamwandikia mistari ya kukieleza katika faili la pembeni ambalo jina lake huishia kwa Designer.cs. Mistari hiyo ni mirefu, ya kujirudia, na isiyopendeza macho. Mwandishi hatakiwi kuigusa. Akiigusa, kesho akikisogeza kitufe kidogo tu, mashine itaiandika upya na masahihisho yake yatapotea.

Mpwa wangu aliwahi kufanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja, akitunza programu ya zamani iliyojaa madirisha ya namna hiyo. Ofisi ilitunga mkaguzi wake, na kila mwisho wa mwezi ikabandika orodha ya maonyo kwa majina. Mamia ya maonyo yalitoka katika mafaili yaliyoandikwa na mashine, na yote yakahesabiwa kwa mpwa wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amevisogeza vitufe. Jina lake likakaa mkiani miezi mitatu mfululizo. Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Sisemi kwamba orodha ile peke yake ndiyo iliyomtoa, maana sikuwamo katika kikao chao. Ninachosema ni kwamba ilikuwa mezani, na hakuna aliyeuliza yule mkaguzi alipimwa lini.

“Mjomba,” aliniambia siku hiyo, “mimi sikatai kusahihishwa. Lakini wananidai nisahihishe kitu ambacho nikikisahihisha kinafutika.”

Maneno hayo yana falsafa nzima ndani yake. Lawama ni neno linaloelekezwa kwa mtu ili atende jambo. Ukilielekeza kwa asiyeweza kulitenda, limekuwa kelele, au limekuwa uonevu. Watunzi wa Roslyn, kwa sifa yao, walilifikiria hilo, wakaweka mahali ambapo kila mtunzi wa mkaguzi anatakiwa kutangaza msimamo wake kuhusu msimbo ulioandikwa na mashine. Nyumba yao inayo hata onyo kwa mtunzi aliyesahau kutangaza, yaani mkaguzi wa wakaguzi. Asipotangaza, mkaguzi wake atasoma kila kitu na kulaumu kila kitu, na nadhani ndivyo ilivyokuwa katika ofisi ile.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba tangazo hilo lina sehemu mbili zilizotenganishwa. Moja inauliza kama mkaguzi atautazama msimbo wa mashine, na nyingine kama atausema. Kwa nini mtu atazame asiseme? Mpwa wangu alinichorea mfano. Kuna mkaguzi anayetafuta kazi zilizoandikwa lakini haziitwi popote, kwa hiyo ni mzigo bure. Mwandishi ameandika kwa mkono wake kazi inayofanyika kitufe kinapobofywa. Ndani ya faili lake hakuna panapoitwa. Panapoitwa ni kule kwenye faili la mashine, ambako kitufe kimefungwa na kazi hiyo. Mkaguzi akikataa kulitazama faili la mashine kwa kisingizio kwamba halimhusu, atamhukumu mwandishi kwa kuandika kazi isiyotumika, ilhali inatumika kila siku. Inampasa asome kule ili ampate shahidi wa mshtakiwa, bila kumkemea shahidi mwenyewe.

Na mtihani wake? Unatakiwa uwe na mafaili mawili, moja la mkono na moja la mashine, na jibu linalotarajiwa ni ukimya. Mtunzi anayejaribu mkaguzi wake kwa faili moja moja hatalijua kosa hili kamwe. Nimewafikiria wazazi wangapi tuliowaita ofisini kwa utoro wa watoto wao, tukilisoma daftari la mahudhurio peke yake, wakati maelezo yalikuwa katika kitabu cha zahanati.

Wala isidhaniwe kwamba la mashine lisisemwe kamwe. Wakaguzi wengi wa usalama wa Microsoft wametangaziwa kutazama na kusema vyote viwili, hata katika msimbo wa mashine, nami naona ni haki. Nywila iliyoachwa wazi humfaa mwizi vilevile, awe aliyeiandika ana damu au hana. Ila onyo la namna hiyo lisiandikwe kwa jina la aliyesogeza kitufe. Lipelekwe kwenye kiwanda, yaani kwa anayetunza ile mashine ya kuandika au kigezo inachofuata, kwa kuwa huko ndiko linakoweza kutibiwa.

Mashine inatambulikanaje? Hapa pana udhaifu. Mkaguzi huangalia jina la faili kama linaishia kwa Designer.cs au g.cs, au huangalia kama juu kabisa kuna maandishi yanayosema kwamba faili limetengenezwa lenyewe. Yaani anaamini tangazo. Mtu yeyote anaweza kuandika tangazo lile juu ya msimbo wa mkono wake mwenyewe, na wengi wa wakaguzi watampita kimya kama askari aliyeonyeshwa kitambulisho. Mpwa wangu anasema amewaona wanaofanya hivyo ijumaa jioni.

Udhaifu huo ulikuwa mdogo zamani. Umekua tangu zilipokuja mashine za kisasa zinazoandika msimbo kwa kuombwa kwa maneno ya kawaida, kama GitHub Copilot iliyotangazwa mwaka 2021 na nyingine nyingi baadaye. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa msimbo huo nao umeandikwa na mashine, basi upewe tangazo lile lile. Mimi nasema la hasha! Kile kitufe cha zamani kilikuwa na asili yake mahali pengine, na ukiitibu asili, msimbo unaandikwa upya ukiwa mzima. Lakini msimbo ulioletwa na mashine hizi mpya, kijana akiupokea na kuuweka katika faili lake, haurudi tena kule ulikotoka. Ukiombwa upya hautakuja ule ule. Hauna kiwanda cha kupelekea malalamiko. Anayeweza kuusahihisha ni yule aliyeupokea, peke yake, na kwa kipimo kile kile kilichomwokoa mpwa wangu katika lawama ya kitufe, mpokeaji huyu anabaki nayo.

Mpwa wangu hakukubali mara moja. Ofisini kwake sasa, ambako kuna amani zaidi, wanataka msimbo wa namna hiyo uwe na alama, ili msomaji wa kesho ajue hakuna mtu aliyeufikiria mstari kwa mstari. Hilo ni jambo jema. Nilimuuliza kama alama hiyo ni kwa ajili ya macho ya watu au kwa ajili ya kumnyamazisha mkaguzi, maana tangazo la sasa linafanya yote mawili kwa pamoja. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, “Shikamoo, mjomba,” kama mtu anayeaga, akakata simu.

Jioni alinipigia tena. Walikuwa wamekubaliana alama ya pili, yenye maneno mengine, ambayo mkaguzi haitambui na mtu anaitambua. Na kwa mkaguzi wao wa nywila alikuwa ameandika mtihani mpya. Ni faili lenye lile tangazo la zamani juu kabisa, nywila mstari wa nne, na mabano yake mekundu yakiizunguka. Mkaguzi alitoa onyo. Nikamuuliza kama amemharibu kidogo kwanza ili aone mtihani ukishindwa. Akasema bado, nisubiri. Nilimsikia akibofya. Alibadili tangazo la mkaguzi ili msimbo wa mashine usitazamwe, akauendesha mtihani, nao ukaanguka. Ndipo akarudisha kama ilivyokuwa, akauendesha tena, akaniaga aende kula.